Msiisahihishe noti inayouma: jibu kwa mwalimu wa kwaya kuhusu antemu za Henry Purcell

Swali: "Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Ninaongoza kwaya ya usharika yenye waimbaji 26, wanawake 17 na wanaume 9. Tunaimba kwa nota za solfa. Ni watatu tu kati yetu wanaosoma nota za mistari. Tumepata nakala za antemu mbili za Henry Purcell: Hear my prayer, O Lord, ambayo tunataka kuiimba Ijumaa Kuu, na Thou knowest, Lord, kwa ajili ya ibada ya kuwakumbuka wazee wa usharika waliolala. Mpiga kinanda wetu, mzee ninayemheshimu sana, ameipitia ile ya kwanza na kusema kwamba imejaa makosa ya uchapaji. Kuna mahali teno wanaimba s na papo hapo soprano wanaimba se, na karibu na mwisho sauti zote nane zinagongana. Ameanza kuzisahihisha kwa kalamu nyekundu. Anashangaa pia kwamba wimbo unaishia kwenye mstari mmoja tu wa zaburi, na anashauri tuongeze amina. Mzee mwingine wa kanisa amesema kwamba neno antemu ni la wimbo wa taifa, kwamba nyimbo hizi zilitungwa kuwatukuza wafalme wa Uingereza, na kwamba hazina nafasi ibadani kwetu. Nifanyeje? Na je, tunaweza kuziimba kwa Kiswahili?"

Amina, mwalimu mwenzangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, kwa sababu ndani yake kuna maswali manne, na lile la kalamu nyekundu ndilo la haraka kuliko yote. Naomba kwanza umwendee mpiga kinanda wenu, kwa heshima ileile unayompa, umsihi aiweke kalamu hiyo chini mpaka mtakapoimaliza barua hii pamoja. Sikio lake halijamdanganya. Amesikia mgongano, na mgongano upo kweli. Alichokosea ni kudhani kwamba umeingia kwa bahati mbaya, ilhali Purcell, mtunzi huyo wa Kiingereza, aliuweka pale kwa makusudi, na mkiuondoa mtakuwa mmeyaondoa maombi yenyewe na kubakiza maneno yake.

Nianze na jina, kwa kuwa mzee wenu wa kanisa amegusa jambo linalowachanganya wengi. Neno hili la Kiingereza limetokana na lile lililotupa antifona, ambalo ndugu zetu Wakatoliki wanalijua vizuri. Katika Kanisa la Uingereza, antemu ni utungo wa kwaya wenye maneno ambayo aghalabu hutoka katika Biblia au katika kitabu cha sala, unaoimbwa katika ibada ya asubuhi au ya jioni. Kitabu cha sala cha mwaka 1662 kinaitaja kwa jina na kuipa mahali pake, baada ya sala fupi ya tatu, penye kwaya na pale wanapoimba. Kuuita wimbo wa taifa kwa neno hilohilo ni matumizi yaliyokuja baadaye, na hayahusiani na nakala mliyonayo mkononi. Zaburi ya 102 si wimbo wa taifa lolote. Ni sala ya mtu aliyeonewa.

Hata hivyo, sitaki kumjibu mzee huyo kwa mkato, kwa maana swali lake kuhusu wafalme lina ukweli ndani yake. Purcell, aliyezaliwa mwaka 1659, alikulia na kufia katika utumishi wa kifalme. Akiwa mtoto aliimba katika Chapel Royal, ambayo si jengo bali ni kundi la makasisi, waimbaji wanaume na watoto wa kiume waliomhudumia mfalme katika ibada zake. Sauti yake ilipovunjika mwaka 1673 alipewa kazi ya kumsaidia mtunza vyombo vya muziki vya mfalme. Mwaka 1679 akawa mpiga ogani wa Westminster Abbey, kanisa kubwa la London wanakotawazwa wafalme, na mwaka 1682 akawa pia mmoja wa wapiga ogani wa Chapel Royal. Kwa kuwa mfalme alikuwa pia mkuu wa Kanisa la Uingereza, ibada ya kanisa na shughuli ya ikulu mara nyingi zilikutana chini ya paa moja. James wa Pili alipotawazwa tarehe 23 Aprili 1685, Purcell alitunga antemu kubwa ya sauti nane na vyombo vya nyuzi, My heart is inditing, ambayo maneno yake ya kwanza ni yale ya Zaburi ya 45: "Moyo wangu umefurika kwa neno jema". Iliimbwa wakati wa kutawazwa kwa malkia, na miaka 42 baadaye mtunzi Handel aliyachukua maneno hayohayo kwa kutawazwa kwa George wa Pili. Antemu ya namna hiyo, pamoja na vyombo vyake vya nyuzi na fahari yake, ilitungwa kweli kwa ajili ya kiti cha enzi, na kama mngetaka kuiimba Ijumaa Kuu ningeungana na mzee wenu kuwazuia.

Lakini kuna antemu na antemu, na tofauti hiyo inahitaji kuelezwa kwa historia kidogo. Katika miaka ya 1640, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Uingereza, Bunge lilipiga marufuku kitabu cha sala, ogani zikang'olewa makanisani na kwaya zikavunjwa. Charles wa Pili aliporudi kutoka uhamishoni mwaka 1660, ilibidi kila kitu kiundwe upya, na watoto waliokusanywa kuimba walifundishwa kutoka mwanzo kabisa. Mfalme huyo alikuwa amekaa Ufaransa, akapenda muziki wa vyombo vya nyuzi uliochangamka, naye akaunda kundi lake la wapigaji 24 kwa mfano wa mfalme wa Ufaransa. Thomas Tudway, aliyekuwa mtoto wa kwaya ya Chapel Royal, ameandika kwamba mfalme alichoshwa na mtindo wa zamani wenye uzito, akaagiza watunzi waweke vipande vya vyombo ndani ya antemu. Si wote waliofurahi. John Evelyn aliandika katika shajara yake, Desemba 1662, kwamba muziki ule wa nyuzi ulifaa zaidi kilabu cha pombe au jumba la michezo kuliko kanisa. Nakutajia hili ili ujue kwamba mabishano mliyonayo usharikani kwenu kuhusu muziki upi unafaa ibadani yana umri mkubwa, na kwamba waliobishana walikuwa watu wenye imani na masikio mazuri.

Basi Purcell alitunga kwa mitindo miwili. Upo ule wa mfalme, wenye waimbaji wa peke yao wanaopokezana na kwaya na vyombo. Mfano wake mzuri ni They that go down to the sea in ships, yaani "Washukao baharini katika merikebu" wa Zaburi ya 107. Inasimuliwa kwamba mwimbaji wa besi John Gostling alikuwa chomboni pamoja na mfalme dhoruba ilipowakuta, na alipofika nchi kavu salama akachagua maneno ya zaburi hiyo akampelekea Purcell. Sauti ya besi inaanza juu na kushuka oktavu mbili nzima, kama mtu anayeteremka mpaka vilindini, kwa sababu Gostling aliweza kufika huko chini. Usiwape besi wako kazi hiyo. Nimewahi kusikia vijana wakiijaribu, na walichopata ni koo lililokwaruzika kwa wiki mbili.

Mtindo wa pili ni ule wa zamani, ambao kwaya nzima inaimba tangu mwanzo hadi mwisho bila waimbaji wa peke yao na bila vyombo zaidi ya ogani. Purcell aliujifunza kwa njia ambayo ningependa kila mwalimu wa kwaya aijaribu walau mara moja: alinakili kwa mkono wake mwenyewe antemu za watunzi waliomtangulia, akina Tallis, Byrd na Gibbons, sauti moja chini ya nyingine, mpaka akaona jinsi kila sauti inavyotembea. Kitabu alichoandikia nakala hizo kiko katika jumba la makumbusho la Fitzwilliam, Cambridge, na ndani ya kitabu hichohicho imo antemu yenu, Hear my prayer, kwa mwandiko wake. Aliitunga karibu na mwaka 1682, akiwa na miaka kama 23. Haina tarumbeta wala haina jina la mfalme, na maneno yake yote ni mstari mmoja ambao Biblia yetu ya Kiswahili inautoa hivi: "Ee Bwana, usikie kuomba kwangu, kilio changu kikufikie." Mwonyeshe mzee wenu wa kanisa mstari huo, umwambie kwamba hakuna kingine ndani ya wimbo.

Sasa nirudi kwenye s na se, yaani so ya kawaida na so iliyoinuliwa nusu toni (hatua ndogo kuliko zote katika ngazi), na hapa naomba uvumilivu, maana ndipo penye kiini cha jambo. Sisi tuliolelewa na nyimbo za sauti nne tumezoea kuusikia muziki kwa kusimamisha: tunasikiliza sauti zote kwa wakati mmoja, tunauliza kama zinapatana, tunasogea hatua inayofuata. Watunzi wa Kiingereza wa zamani, ambao Purcell aliwaiga hapa, walifikiri kwa kulaza: kila sauti ni msafiri mwenye njia yake, na kanuni inayomtawala ni ya njia yake kwanza. Katika ngazi ya maina (minor, ambayo nyumbani kwake ni la) inayotumika hapa, ambayo la yake ni C, sauti inayopanda kuelekea la huinua noti iliyo chini yake ili ikaribie, kwa hiyo inaimba se, kisha la. Sauti inayoshuka kuelekea f haina sababu ya kuinua kitu, kwa hiyo inaimba s, kisha f. Kila moja iko sahihi katika safari yake. Wasafiri hao wawili wakikutana mlangoni, mmoja akipanda na mwingine akishuka, sikio linasikia noti moja ikiwa na nyuso mbili kwa karibu wakati mmoja, na linauma. Watunzi wa Ulaya bara walizidi kuuepuka ugumu huo. Waingereza waliupenda, na Purcell alikuwa wa mwisho miongoni mwa wakubwa wao kuutumia kwa ujasiri wa kiasi hicho. Mzee wenu akiigeuza se kuwa s, soprano hawatakuwa na nguvu ya kupanda. Akiigeuza s kuwa se, teno watashuka kwa kujikwaa. Mgongano utakuwa umetoweka, na safari zote mbili zitakuwa zimevunjika.

Mgongano wa karibu na mwisho una chanzo kingine, nao ni kuchelewa. Sauti moja inashika noti yake iliyokuwa inapatana na wenzake, wenzake wanasogea, yeye bado ameishika, sasa hapatani nao tena, na hawezi kutulia mpaka ashuke hatua moja. Kila mwimbaji wa kwaya amekwisha kuimba noti ya namna hiyo bila kujua jina lake. Alichofanya Purcell ni kuzipanga noti hizo zilizochelewa katika sauti nane, moja juu ya nyingine. Ukiutazama wimbo wote utaona mpango wake ulivyo wa kutisha kwa urahisi. Unaanza na sauti moja kwenye noti moja, ikiirudia, na ni neno la kumwita Mungu tu, lile "O", linalopanda kidogo na kurudi palepale. Kisha unakuja mfuatano wa pili wa noti, wa kilio, unaosogea kwa nusu toni, mara ukipanda, mara ukishuka. Mifuatano hiyo miwili inapita kutoka sauti hadi sauti, inaongezeka, haipumziki mahali popote kwa muda wa vipimo 34 (vile visehemu vya wimbo vinavyotengwa kwa mistari ya wima), na uzito unakua mpaka kwenye neno "come" la mwisho kabisa, vipimo vitatu kabla ya kuisha, ambapo sauti zote nane zimerundikana katika fungu moja la noti zinazosukumana. Hapo ndipo mzee wenu alipoona makosa mengi kwa pamoja. Ni mahali ambapo watu wote wanalia kwa wakati mmoja, na hakuna anayemsubiri mwenzake amalize.

Hata hivyo, nisiseme kwamba nakala yenu haiwezi kuwa na kosa. Nota za solfa zinazopita kutoka kwaya hadi kwaya kwa fotokopi, wakati mwingine zikiwa zimeandikwa upya kwa mkono, huwa na makosa ya kweli, na mzee wenu anaweza kuwa amelikamata moja au mawili. Njia ya kutofautisha ni hii. Noti inayouma iliyo ya Purcell ina historia na ina mwelekeo: aidha mwimbaji alikuwa ameishika kabla haijaanza kuuma, kisha anashuka hatua moja kutoka pale, au inapanda au kushuka kwa hatua ndogo kuelekea noti inayofuata, na mara nyingi utaiona sura hiyohiyo ikirudi katika sauti nyingine baada ya vipimo viwili au vitatu. Noti ambayo mwimbaji anairukia kutoka mbali, inagongana, kisha anairuka tena bila kufika popote, hiyo itilieni shaka, muilinganishe na nota za mistari. Wimbo wenyewe hauna mmiliki tena, kwani Purcell alifariki mwaka 1695, na nota zake za mistari zinapatikana bila malipo katika maktaba ya mtandaoni ya Choral Public Domain Library. Matoleo mapya ya wachapishaji ni suala jingine, yana haki zao, na si vema kuyatolea fotokopi. Wale watatu wenu wanaosoma nota za mistari wakae jioni moja na mpiga kinanda, wapitie kipimo kwa kipimo. Kama kuna mwalimu wa muziki katika chuo au shule iliyo karibu nanyi, mwombeni awe wa tano mezani. Kazi hii haiwezi kumalizwa kwa barua. Inahitaji jicho la mtu aliyeishika nakala yenu mkononi.

Kuhusu kuishia kwake kwenye mstari mmoja, mpiga kinanda wenu ameona jambo la kweli. Katika kitabu kile cha Cambridge, baada ya antemu hii kuna kurasa zilizoachwa wazi, na wengi wanaamini kwamba Purcell alikusudia kuendelea na zaburi lakini hakurudi. Basi huenda mnachoimba ni mlango wa nyumba ambayo haikujengwa. Pamoja na hayo, nakusihi msiongeze amina. Amina ya furaha itakuwa jibu ambalo zaburi yenyewe bado haijalipata katika mstari wa kwanza, na Ijumaa Kuu ndiyo siku ambayo usharika unaweza kuvumilia kukaa na ombi lisilojibiwa.

Tuje kwenye waimbaji wako 26. Nitasema wazi: Hear my prayer inahitaji soprano wa kwanza na wa pili, na vivyo hivyo alto, teno na besi, na wewe una wanaume tisa kwa sauti nne za kiume. Hiyo ni wawili kwa kila sauti na mmoja wa ziada. Mmoja akipata mafua, sauti nzima inabaki na mtu mmoja, tena katika muziki ambao kila mtu lazima ashike noti yake dhidi ya jirani anayemvuta. Kuna jambo jingine ambalo nakala haisemi: alto za Purcell ziliimbwa na wanaume wenye sauti za juu, kwa hiyo mara nyingi zinakwenda chini kuliko wanawake wenu wanavyopenda. Makwaya mengi husaidia hapo kwa kumsogeza teno mmoja au wawili wa juu waimbe pamoja na alto, lakini wewe huna teno wa kugawa. Wazo la kuipunguza iwe ya sauti nne nimeliona likijaribiwa, na sikushauri hata kidogo, kwa sababu rundo lile la mwisho limejengwa kwa sauti nane. Ukitoa nne, kinachobaki hakina uzito wa kustahili vipimo thelathini vilivyokitangulia.

Ushauri wangu ni kwamba mwanze na Thou knowest, Lord. Ina sauti nne tu, iko katika E flati, haipandi mahali pa kuumiza mtu, na sauti zake karibu wakati wote zinatamka neno moja kwa pamoja. Kwaya yenu inaweza kuijua kwa mwezi mmoja na kuiimba vizuri kwa mwezi wa pili. Usidhani kwamba wepesi wake unaifanya ndogo. Malkia Mary wa Pili alifariki kwa ndui tarehe 28 Desemba 1694, akazikwa Westminster Abbey tarehe 5 Machi 1695. Kwaya iliimba maneno ya maziko yaliyotungwa na Thomas Morley karibu miaka mia moja kabla yake, na kwa fungu moja lililokuwa limekosekana, Purcell alitunga hili lenu. Maneno yake ni ya kitabu cha sala, yanayosemwa kando ya kaburi. Kwa maana yake ni kwamba wewe, Bwana, wazijua siri za mioyo yetu, usiyazibe masikio yako ya rehema tukuombapo, wala usituache, katika saa yetu ya mwisho, tuanguke kutoka kwako kwa uchungu wowote wa mauti. Tudway, niliyemtaja juu, alikumbuka kwamba tarumbeta zenye sauti ya huzuni zilisindikiza, na kwamba utungo huo, pamoja na kuwa wa kawaida usio na madoido, uliwatoa machozi wote waliokuwapo.

Mwonyeshe mzee wenu wa kanisa jambo hili pia, kwa sababu linajibu swali lake la wafalme kuliko hoja yoyote ninayoweza kuitunga. Mtunzi aliyejua kupanga sauti nane kwa fahari ya kutawazwa, alipofika kwenye jeneza la malkia aliweka kando ustadi wote huo, akaandika muziki ambao kwaya ya kijiji inaweza kuuimba, na maneno ambayo hayamtaji malkia wala cheo chake. Mnamo Novemba mwaka huohuo Purcell mwenyewe alifariki, akiwa na umri wa miaka 36 hivi, akazikwa karibu na ogani aliyokuwa akiipiga, na muziki huo ukaimbwa kwa ajili yake. Mtunzi William Croft alipochapisha muziki wake wa maziko mwaka 1724, alitunga mafungu mengine yote, lakini hili aliliacha kama Purcell alivyolitunga, akisema kwamba sababu yake ni dhahiri kwa kila fundi. Ndivyo lilivyoimbwa hata katika maziko ya Malkia Elizabeth wa Pili mwezi Septemba 2022. Wazee wa usharika wenu waliolala wanastahili kuimbiwa fungu lilelile, na hamtakuwa mmeazima heshima ya mtu mwingine yeyote.

Baada ya hiyo, kama mnataka hatua ya kati, ipo Remember not, Lord, our offences, ya sauti tano, ambayo itawazoesha noti zinazouma kabla ya kufika kwenye nane. Na kwa Hear my prayer yenyewe, tafuteni usharika jirani wenye kwaya ya kiasi chenu, mpate watu kama 50, muipange kwa Ijumaa Kuu ya mwakani. Mnapoifundisha, usiwape sauti zote kwa pamoja. Chukua mbili tu, zile zinazogongana, waziimbe polepole, wasimame juu ya mgongano, wausikilize mpaka waache kuuogopa, kisha wauachie. Waombe waimbe sauti iliyonyooka bila kuitetemesha, wavute pumzi kwa zamu, na wasiongeze nguvu mapema. Wimbo unakua wenyewe kadiri sauti zinavyoingia, na anayeanza kwa kelele hatakuwa na mahali pa kwenda. Mwimbaji yeyote anayetoka mazoezini akiwa amekwaruzika koo kwa siku kadhaa mpumzishe, na ikiendelea zaidi ya wiki mbili au tatu aende kwa daktari. Hakuna antemu inayostahili koo la mtu.

Kuhusu Kiswahili, inawezekana, lakini si kwa kuyabandika maneno ya Biblia juu ya noti. Mstari wetu una silabi nyingi kuliko wa Kiingereza, na mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Jambo moja linatusaidia sana: noti ile inayopanda mwanzoni iko kwenye mwito, na sisi tunao mwito uleule, "ee". Kwa hiyo "Sikia, ee Bwana" inaweka "ee" mahali pake hasa, na "Bwana" inagawana noti ndefu ya mwisho, ingawa itabidi uwafundishe wasiibane ile "ki" ya "sikia". Kwa nusu ya pili, ukitumia "Kilio changu kikufikie" mkazo utakaa sawa, lakini ile nusu toni inayolia itaangukia neno "changu", na kilio kitakuwa kimepita bila kulia. Nimejaribu "nacho kilio kikufikie", na hapo silabi "li" ya "kilio" inafika pale pale Purcell alipoliweka neno lake la kulia, na silabi "ki" iliyo kabla ya mwisho inafika kwenye noti ya kufungia. Hasara yake ni kwamba lile rundo kubwa la mwisho, ambalo kwa Kiingereza liko kwenye "come", neno zima lenye nguvu yake, kwetu litakuwa juu ya kiambishi tu. Mimi binafsi ningeimba kwa Kiingereza na kumwomba mchungaji ausome mstari wa Kiswahili polepole kabla hatujaanza. Lakini Thou knowest ningeitafsiri, kwa sababu kando ya makaburi watu wanapaswa kuelewa kila neno. Tafsiri hiyo mwipitie pamoja na mchungaji wenu kabla ya kuifundisha, kwani ni sala, na yeye ndiye mwenye dhamana ya sala za usharika.

Kuhusu mpiga kinanda wenu, usimpelekee barua hii tu. Keti naye kwenye kinanda siku ambayo hakuna mazoezi. Mwombe apige mstari wa teno peke yake, pale penye s, mpaka aseme kwamba ni mzuri. Kisha apige wa soprano peke yake, pale penye se, mpaka aseme vivyo hivyo. Ndipo umwombe apige yote miwili kwa pamoja, polepole, na usimwambie neno lolote mpaka yeye mwenyewe aseme alichosikia.